Mtoto anayeasiliwa nje ya nchi asisafiri bila historia ya afya yake

Ndugu yenu anaishi Marekani miaka mingi. Dada yenu amefariki na kuacha mtoto wa miaka mitatu, na familia imekubaliana kwamba huyo wa Marekani amwasili, amlee na amsomeshe. Vikao vimekaliwa, mwanasheria ametafutwa, nauli inachangwa. Lakini je, kuna mtu kwenye vikao hivyo aliyeuliza mtoto huyu ana historia gani ya afya, na nani ataieleza akishafika huko?

Nazungumzia kuasili kisheria, si kumchukua mtoto kwa maneno ya ukoo. Kwa Tanzania, amri ya kuasili hutolewa na Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Kwa mtu asiye raia yapo masharti ya ziada, likiwamo la kuishi nchini miaka mitatu mfululizo. Nchi nyingine zimebana zaidi: Kenya ilisitisha kuasilisha watoto kwa wageni mwaka 2014, na China ilifunga mlango huo mwaka 2024. Mambo ya sheria muulize mapema ofisa ustawi wa jamii. Hapa nitazungumzia afya ya mtoto mwenyewe.

Mama ndiye faili

Mtoto mdogo akiletwa hospitali, daktari humuuliza aliyemleta. Alizaliwa na kilo ngapi? Alilia mara tu alipozaliwa? Amewahi kulazwa au kuongezewa damu? Kuna dawa inayomdhuru? Majibu hayo yamo kichwani mwa mama, au bibi aliyemlea. Mtoto anayepelekwa kwa wazazi wapya nchi nyingine anaachana na vichwa hivyo. Yasipoandikwa, yamepotea.

Jambo hili lina uzito hadi kwenye sheria za kimataifa. Mkataba wa Hague wa Mei 29, 1993 kuhusu kuasili watoto kati ya nchi na nchi unazitaka nchi wanachama kuhifadhi taarifa za asili ya mtoto, hasa wazazi wake ni nani na historia yake ya afya. Hata kama nchi yako haimo kwenye mkataba huo, familia yako inaweza kufanya hivyo kwa daftari na kalamu.

Kabla hajasafiri

Kwanza, tafuteni kadi ya kliniki, ile yenye uzito na chanjo. Piga nakala, nyingine ibaki nyumbani. Tafuteni pia kadi ya ujauzito ya mama kama ipo, kwa sababu huonyesha kama alipimwa VVU na kaswende.

Pili, kaeni na bibi, mashangazi na upande wa baba, mwandike magonjwa ya ukoo: selimundu, kisukari, pumu, kifafa, shinikizo la damu. Andikeni na sababu za vifo vya wazazi kama zinajulikana. "Aliugua tu akafa" haimsaidii daktari. "Alikohoa miezi mitatu, akakonda, akatumia dawa za kifua kikuu" inamsaidia sana, maana kama mtoto alilala chumba kimoja na mgonjwa huyo, naye lazima achunguzwe.

Tatu, mpimeni selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa huu, na hospitali nyingi bado hazimpimi kila mtoto anayezaliwa. Mtoto mwenye selimundu anahitaji dawa za kumkinga na maambukizi, na anayemlea ajue kwamba homa kwake ni dharura. Asije akagundulika nao kwenye baridi kali, akilia kwa maumivu ya mifupa mbele ya watu wasioelewa kimempata nini.

Nne, waelezeni wanaompokea kuhusu malaria. Homa inaweza kuanza wiki kadhaa baada ya kufika. Katika nchi isiyo na malaria, daktari anaweza kudhani ni mafua. Mzazi aseme bila kuulizwa: "Mtoto huyu ametoka eneo lenye malaria, naomba apimwe leo."

Msifiche VVU

Zipo familia zinazoficha kwamba mtoto anatumia dawa za kufubaza VVU, zikihofia atakataliwa ubalozini au ndugu atabadili mawazo. Matokeo yake mtoto anasafiri bila dawa, dozi zinakatika, na virusi vinapata nafasi ya kuzaliana na kuwa sugu kwa dawa. Fahamu kwamba Marekani iliondoa zuio la kuingia kwa wenye VVU Januari 2010. Taarifa hii ni siri ya mtoto, haihitaji kujulikana na ukoo mzima, lakini wazazi wanaomwasili na daktari wake lazima waijue. Asafiri na dawa za kutosha na barua ya kliniki yenye majina ya dawa na vipimo vya mwisho.

Na kama ndugu atabadili mawazo kwa sababu ya VVU, ni heri abadili sasa, mtoto akiwa bado kwa bibi yake, kuliko baada ya kumhamisha.

Akishafika, apimwe upya

Wataalamu wa watoto hushauri mtoto aliyeasiliwa kutoka nchi nyingine aonwe na daktari ndani ya wiki mbili tangu afike, na akiwa mgonjwa aonwe siku hiyo hiyo. Huko hupimwa wingi wa damu, VVU, homa ya ini B na C, kaswende, kifua kikuu, minyoo, madini ya risasi, macho na masikio. Vipimo vya VVU na homa ya ini hurudiwa baada ya miezi sita, kwa sababu maambukizi ya karibuni yanaweza yasionekane mara ya kwanza.

Kupima upya hakumaanishi kwamba karatasi za kwetu ni za uongo. Mtoto aliyepimwa mwaka jana anaweza kuwa ameambukizwa baadaye. Tena kwa mtoto wa chini ya miezi 18, kipimo cha haraka cha VVU kinaweza kuonyesha kinga alizopewa na mama tumboni, hivyo kinahitajika kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe. Kuhusu chanjo, kadi ikiwa na mashaka, kurudia chanjo nyingi hakuna madhara, kuikosa ndiko hatari.

Kama alilelewa makaoni

Mtoto aliyekaa kwenye makao ya watoto ana jambo la ziada. Baada ya utawala wa Nicolae Ceaușescu kuanguka Romania Desemba 1989, maelfu ya watoto walikutwa kwenye vituo vyenye hali mbaya, na wengi wakaasiliwa nje. Profesa Michael Rutter na wenzake waliwafuatilia 165 waliopelekwa Uingereza. Waliotoka kabla ya kutimiza miezi sita walikua vizuri kama watoto walioasiliwa ndani ya Uingereza. Waliokaa zaidi ya hapo wengi waliongezeka uzito na kimo wakifika nyumbani, lakini baadhi yao walibaki na matatizo ya umakini na mahusiano hadi ukubwani.

Kwa hiyo mzazi mpya usishtuke mtoto akificha mkate chini ya mto, akikataa kulala peke yake, au akimkumbatia kila mgeni kana kwamba ni mama yake. Huo si utovu wa adabu, na fimbo haitausaidia. Mwekee ratiba ileile kila siku, chakula kwa saa ileile, walezi wachache wasiobadilikabadilika. Miezi ya mwanzo punguza wageni. Hali isipobadilika baada ya miezi kadhaa, tafuta mtaalamu wa saikolojia ya watoto.

Na tafadhali usimkataze Kiswahili ili ashike Kiingereza haraka. Mtoto mdogo akiacha kuisikia lugha yake huisahau upesi sana, na anapoisahau anakosa namna ya kuzungumza na bibi aliyebaki na habari zake.

Faili ni la nani?

Wiki hii, kama kuna safari ya namna hii kwenye ukoo wenu, nunueni daftari moja. Andikeni yote niliyotaja, bandikeni picha za wazazi wake na namba za simu za watu wawili wanaomfahamu tangu azaliwe. Nakala moja ikae kwa wazazi wapya, moja kwa daktari wao, moja nyumbani. Akishakua, atakabidhiwa la kwake. Ipo siku, akiwa na miaka 30 au 40, daktari atamuuliza kama kwao kuna kisukari au shinikizo la damu. Awe na cha kujibu.