Ngoma ya Chagos na Hifadhi Isiyo na Wenyeji

Katikati ya Bahari ya Hindi, mbali na pwani yoyote, vimo Visiwa vya Chagos. Tangu mwishoni mwa karne ya 18, wakoloni walipeleka huko watumwa kutoka Madagaska na Afrika bara kutumikia mashamba ya minazi. Watumwa hao na wazao wao wakajijengea jamii yenye lugha yake ya Krioli na ngoma yake, iitwayo sega tambour. Ngoma hiyo hupashwa moto hadi ngozi ikaze, kisha hupigwa polepole. Nyimbo zake husimulia kazi, furaha na uchungu wa kutengana.

Utengano wenyewe ulikuja baadaye. Mwaka 1965 Uingereza ilivimega visiwa hivyo kutoka Mauritius kabla haijaipa uhuru mwaka 1968. Kufikia mwaka 1973 wakazi wote, kati ya 1,500 na 2,000, walikuwa wameondolewa ili Marekani iweke kituo cha kijeshi Diego Garcia. Wengi waliishia Mauritius na Shelisheli katika ufukara.

Aprili 2010 Uingereza ilitangaza bahari ya Chagos, kilometa za mraba zipatazo 640,000, kuwa hifadhi, na kupiga marufuku uvuvi wa biashara. Matumbawe, kasa na ndege wa huko wanastahili ulinzi. Hilo halina ubishi. Lakini maji ya Diego Garcia yaliachwa nje ya hifadhi. Kituo cha kijeshi kikabaki, mvuvi mwenyeji akabaki uhamishoni. Mwaka 2015 mahakama ya usuluhishi iliamua kwamba hatua hiyo ilikiuka Mkataba wa Sheria ya Bahari.

Mwaka 2019 UNESCO iliiweka sega tambour katika orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Wazee waijuao wanapungua, na vijana wamezaliwa ugenini. Mkataba uliotiwa saini Mei 2025 uliitambua Mauritius kuwa mwenye visiwa, ukaruhusu mpango wa kurejesha watu isipokuwa Diego Garcia, ambayo Uingereza ingeitumia kwa miaka 99.

Wahenga walisema: mwenye kovu usidhani kapoa. Askari anayezuia uvuvi wa baruti katika mwambao wa Afrika Mashariki hulinda samaki pamoja na kijiji kinachowategemea. Hifadhi inayomfukuza mwenyeji hujinyima mlinzi wake wa kwanza, na ngoma yake hunyamaza.