Uwanja kwa Ada za Magari

Uwanja wa michezo wa katikati ya mji hulipiwa na nani? Nimeyadurusu ya Sacramento, California. Mwaka 2013 timu yao ya mpira wa kikapu, Kings, nusura ihamishiwe Seattle. Meya Kevin Johnson, naye mchezaji wa zamani, alipigania ibaki. Mwaka 2014 baraza la mji likaidhinisha dola milioni 255 za umma, nyingi zikiwa mkopo wa kulipwa kwa ada za kuegesha magari. Uwanja ulifunguliwa 2016. Basi anayekwenda kwa daktari, hata mpira asioujua, huuchangia akiegesha gari. Kwangu mimi hiyo ni kodi, ila haikuitwa hivyo! Mwaka 2020, korona ilipoingia, magari yaliadimika mjini na mapato hayo yakaporomoka. Mkopo ulidaiwa vile vile.