Pumu ya Ngozi kwa Watu Wazima: Sehemu ya Pili

Sehemu ya kwanza ilieleza namna pumu ya ngozi, ambayo ni aina mojawapo ya ukurutu, inavyoanza utotoni kwa ngozi kukauka, kuwasha na kuchubuka. Kwa kuwa huanza mapema, imezoeleka kudhaniwa kuwa ni maradhi ya watoto tu, na dhana hiyo imewaacha watu wazima wengi wakijikuna miaka nenda miaka rudi bila kuambiwa wanaugua nini. Ukweli ni kwamba wapo wanaoendelea nayo tangu utotoni, na wapo ambao huanza kuugua wakiwa wamekwisha kukomaa, nao hukadiriwa kuwa mmoja katika kila wagonjwa wanne wazima.

Idadi kamili hutegemea sana namna swali linavyoulizwa. Nchini Marekani, takwimu za kitaifa za mwaka 2010 zilionyesha kuwa watu wazima wapatao 10 katika kila 100 walipata ukurutu ndani ya mwaka mmoja. Lakini walipohesabiwa wale tu waliowahi pia kuwa na pumu ya kifua au mafua ya mzio, yaani mafua yanayotokea mwili unapopambana na vitu visivyodhuru kama vile chavua, walibaki 3 hivi. Tofauti hiyo si ya kupuuzwa, kwani neno ukurutu hubeba pia maradhi yasiyo ya kurithi, kama yale yanayowapata mafundi ujenzi mikononi kwa kushika saruji. Uchunguzi mwingine uliochapishwa mwaka 2018, ambao ulitumia vigezo vikali zaidi, uliwakuta wagonjwa karibu 5 katika kila 100 nchini Marekani na 2 tu nchini Japani.

Afrika Mashariki ina ugumu wake. Vitabu vilivyoandikwa Ulaya hufundisha kutafuta wekundu, ilhali katika ngozi nyeusi wekundu huo huonekana kama weusi uliozidi, rangi ya kijivu au zambarau, na mara nyingi huambatana na vipele vidogo kwenye vinyweleo. Isitoshe, wagonjwa wengi hufika kliniki baada ya kujipaka krimu za duka la dawa zenye steroidi, ambazo hutuliza mwasho kwa muda na kuzifuta dalili zilezile ambazo daktari angezitegemea kuutambua ugonjwa.