Je, Wajua Dodoso Linaweza Kumjua Asiyelisoma?

Mpe mtu aliyechoka dodoso lenye sentensi 567, ajaze Kweli au Si Kweli kwa kila moja. Akifika mia mbili na kitu, macho yanaanza kuruka mistari, mkono unajaza viduara tu. Mwishowe anakabidhi karatasi iliyojaa vizuri kabisa.

Waliotunga MMPI, dodoso la kisaikolojia la namna hiyo, mwanasaikolojia Starke Hathaway na daktari J. C. McKinley wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, waliliona hilo mapema. Dodoso lao lilipotoka mwaka 1943, lilikuwa na kipimo kiitwacho F: sentensi 64 ambazo majibu yake fulani hayakutolewa na zaidi ya mtu mmoja kati ya kumi. Anayejibu kiholela huyatoa kwa wingi, na F yake hupanda.

Lakini F ya mgonjwa hupanda pia. Anayesikia sauti wasizozisikia wengine hukubali mambo ambayo wengi huyakana. Kwa F peke yake, mwenye shida ya kweli angeweza kudhaniwa mzembe, karatasi yake ikawekwa kando.

Hapa ndipo ninapoipenda hasa kazi hii. Toleo la pili la MMPI, la mwaka 1989, ndilo lenye sentensi hizo 567, lilileta kipimo cha VRIN chenye jozi 67 za majibu yasiyopatana. Tuseme, kwa mfano wangu mwenyewe, sentensi moja inasema "Usiku nalala vizuri", na kurasa kadhaa mbele nyingine inasema "Sipati usingizi". Anayesoma, hata akiwa mgonjwa sana, ni nadra azikubali zote mbili. Anayebahatisha hajali. Kila jozi ina namna nne za kujibiwa, na moja tu ndiyo huhesabiwa kosa. Kwa hiyo anayerusha shilingi hupata makosa kama 17. F ikiwa juu na VRIN chini, mtaalamu anajua kwamba sentensi zilisomwa, na mateso yaliyoandikwa pale yanastahili kuchunguzwa.

Anayejaza Kweli mwanzo hadi mwisho naye ana kipimo chake, TRIN.

Hata hivyo, VRIN kubwa si ushahidi wa uzembe. Huenda mtu hasomi vizuri lugha ya dodoso. Huenda aliruka kiduara kimoja, majibu yote yaliyofuata yakasogea mstari mmoja. Karatasi ya namna hiyo haifasiriwi. Mhusika huulizwa alivyoijaza, na ikibidi husomewa sentensi kwa sauti, aanze upya.