Mitungi na chupa za plastiki zaweza kuleta hela badala ya kutupwa

KATIKA nyumba nyingi, chupa ya soda ikiisha hutupwa na mtungi wa mafuta ya kupikia ukipasuka huishia jalalani. Hata hivyo, vyombo hivyo vinaweza kugeuzwa kuwa maua, vyungu vya miche na mapambo ya sebuleni yanayouzika, mradi mtengenezaji ajue plastiki anayoshika na apige hesabu zake vyema.

Pwani ya Kenya ina mifano ya wazi. Mwishoni mwa miaka ya 1990, mtaalamu wa uhifadhi wa bahari, Julie Church, aliona patapata zilizosukumwa na mawimbi hadi ufuoni katika eneo la Kiunga, Lamu. Kutokana na taka hizo ilizuka biashara ya kuchonga wanyama wa rangi rangi, ambayo leo inajulikana kama Ocean Sole. Mnamo 2018, huko Lamu ilizinduliwa Flipflopi, jahazi lililoundwa kwa plastiki iliyotumika na kufunikwa kwa vipande vya patapata. Mwaka uliofuata lilisafiri hadi Zanzibar.

Anayeanza hahitaji mtaji wa kiwango hicho. Kisu kikali, mkasi, msasa, mshumaa, waya, gundi na rangi vyatosha.

Kwanza soma nambari

Chini ya vyombo vingi kuna pembetatu yenye nambari. Nambari 1 ni ya chupa za maji na soda. Plastiki hii hulegea ikipata joto la nyuzi 70 hadi 80 hivi, ndiyo maana inafaa kwa maua. Nambari 2 ni ya mitungi mingi migumu na chupa za sabuni, nayo ni nzuri kwa vyungu. Nambari 3 haifai kupashwa moto hata kidogo kwa kuwa hutoa hewa yenye sumu.

Ili kutengeneza ua, chupa iliyooshwa na kukauka hukatwa sehemu ya chini, kisha ukingo wake hukatwa kwa mkasi kuwa petali tano au sita. Petali hupitishwa juu ya mshumaa kwa umbali, bila kuguswa na moto, hadi zijikunje. Zikianza kutoa moshi, zinaungua na zinafaa kuondolewa mara moja. Kazi hii hufanyiwa mahali penye hewa, mbali na watoto. Baadaye hupakwa rangi na kutiwa waya uwe shina.

Kwa chungu, mtungi hukatwa sehemu ya juu na kutobolewa mashimo manne au matano chini ili maji yasituame na kuozesha mizizi. Wengi hukosea kwa kupaka rangi juu ya plastiki laini, ikabambuka baada ya majuma machache. Dawa yake ni kuosha mtungi kwa sabuni, kuusugua kwa msasa hadi upoteze mng'ao, kisha kupaka rangi mara mbili. Asiyetaka rangi anaweza kuuzungushia kamba ya katani au vipande vya kitenge kwa gundi.

Tahadhari kwa wakulima

Mikebe na mitungi ya dawa za kuua wadudu na magugu haifai kabisa kwa kazi hii, hata ikioshwa. Sumu hubaki ndani ya plastiki, na mtoto hawezi kutofautisha pambo na kikombe. Mkulima anashauriwa kuisuuza mara tatu, kumwaga maji hayo kwenye bomba la kunyunyizia dawa, kuitoboa isitumike tena, na kumuuliza aliyemuuzia dawa mahali pa kuipeleka.

Vilevile, chombo cha mapambo kisichotobolewa hakifai kuachwa nje kikiwa na maji, kwani mbu wanaoeneza homa ya dengi huzaana humo.

Bei ndiyo mtihani

Wengi wanaoanza biashara hii hukwama kwa sababu huona kuwa malighafi ni ya bure na kusahau kazi yao wenyewe. Chukua mfano wa mtu aliyetumia Sh600 kununua rangi, gundi na kamba, akapata vyungu 12. Kila chungu kimemgharimu Sh50. Ikiwa kila kimoja kilimchukua saa moja, na saa yake anaihesabu kuwa ya Sh100, basi gharama halisi ni Sh150. Akiuza kwa Sh120 atadhani amepata faida ya Sh70, kumbe amejipunja Sh30.

Kuna njia mbili za kuziba pengo hilo. Moja ni kufanya kazi kwa mafungu: siku moja kukata yote, nyingine kusugua, nyingine kupaka, ili muda wa kila chungu upungue. Ya pili ni kuuza chungu kikiwa na mche ndani. Shubiri, dania, mnanaa au ua lililochipuzwa nyumbani kwa tawi humfanya mteja alipe zaidi, ilhali mche wenyewe haukugharimu sana.

Wanunuzi wanaweza kupatikana miongoni mwa wauza miche kando ya barabara, saluni, shule, wapambaji wa harusi na wakazi wa nyumba za ghorofa wasio na shamba. Ni vyema kuwapelekea sampuli tatu au nne kwanza na kusikiliza wanachopenda kabla ya kujaza chumba kwa bidhaa.

Malighafi haitakosekana hivi karibuni. Marufuku ya Kenya ya Agosti 28, 2017 iligusa mifuko ya plastiki, wala si chupa na mitungi. Kila nyumba bado inazitoa, na anayezikusanya zikiwa safi tayari ameanza biashara.