Maji ya Kunywa si Maji ya Betri

[MUZIKI UNAPANDA, KISHA UNASHUKA]

MTANGAZAJI: Leo tunaongea na wenye betri za sola zile za vifuniko juu, za kuongeza maji. Kaka mmoja anayechaji simu sokoni ameuliza: maji ya bomba tunakunywa kila siku, mbona fundi anasema yanaua betri?

Kaka, fundi amesema kweli. Maji ya kisima hupita kwenye udongo na mawe, yakayeyusha chumvi na madini kama chuma. Huyaoni, lakini yamo, kila chembe imebeba chaji ya umeme. Chembe hizo huitwa ayoni. Hata dawa ya klorini inayotiwa kwenye matenki kutukinga na kipindupindu huacha ayoni zake.

Ndani ya betri kuna mabamba ya risasi yaliyozama kwenye asidi. Kazi yote hufanyika pale bamba linapogusana na asidi, kwenye ngozi yake tu. Sasa sikiliza hili. Kila chumba cha betri kina volti kama 2, na volti 1.23 zinatosha kuvunja maji yawe gesi. Mbona basi maji hayaishi siku hiyo hiyo? Ni kwa sababu risasi ni mvivu mno kutengeneza gesi ya hidrojeni. Uvivu huo ndio uhai wa betri.

Ayoni za nikeli zikiingia, hata kidogo sana, hunata kwenye bamba hasi na kuwa madoa ya metali. Madoa hayo hayana uvivu. Gesi inatoka, maji yanakauka. Chuma ni mjanja zaidi: ayoni zake huenda na kurudi kati ya mabamba zikihamisha chaji, na betri inajimaliza hata usipoitumia. Ayoni za klorini hula bamba chanya.

Kuchemsha hakusaidii, vijidudu vinakufa, chumvi inabaki. Maji ya mvua ya paa la bati nayo huokota kutu. Nunua maji ya betri yasiyo na asidi, na umuulize muuzaji vizuri, maana wengine huuza asidi kwa jina hilo hilo. Mabamba yasibaki wazi.

Na mama, kama betri iko karibu na jiko, isogeze penye hewa. Hidrojeni hulipuka kwa cheche moja.

[MUZIKI]