Mafuta Kwenye Ini la Mgonjwa wa Homa ya Ini C: Nafasi ya Vinasaba

Wagonjwa wawili wa homa ya ini C sugu, wenye umri na uzito unaokaribiana, wanaweza kupimwa siku moja, ini la mmoja likaonekana limejaa mafuta na la mwenzake likawa safi. Ni rahisi kumshuku yule wa kwanza kwamba anakunywa pombe kwa siri. Shuku hiyo humvunjia mgonjwa heshima, na mara nyingi haina msingi.

Wakati mwingine chanzo ni kirusi chenyewe. Kirusi cha homa ya ini C kina makundi ya kijeni yanayotajwa kwa namba. Kundi la 3, lililoenea sana Asia ya Kusini, huzuia seli za ini kutoa mafuta kwenda kwenye damu. Kirusi kikiisha mwilini, mafuta hayo kwa kawaida hupungua. Katika makundi mengine, likiwamo la 4 linalopatikana zaidi Misri na Afrika ya Kati, mafuta hutegemea zaidi hali ya mgonjwa: uzito, kisukari, pombe na vinasaba alivyorithi.

Kinasaba kilichochunguzwa zaidi ni PNPLA3. Mwaka 2008 watafiti wa Dallas, Marekani, walionesha kwamba badiliko la herufi moja tu katika kinasaba hiki linahusiana na wingi wa mafuta kwenye ini. Kwa badiliko hilo, asidi amino ya 148 ya protini yake, ambayo ni isoleusini, huwa methionini. Protini ya namna hii haivunjwivunjwi kama inavyopaswa. Hurundikana juu ya matone ya mafuta na kukwamisha kazi ya kuyayeyusha. Katika utafiti huo, Wamarekani wenye asili ya Afrika walikuwa nalo kwa uchache kuliko wenye asili ya Amerika ya Kilatini, lakini uchache si kutokuwapo. Kufikia 2011, tafiti za Ulaya zilikuwa zimelihusisha badiliko hilo na mafuta pamoja na makovu ya ini kwa wagonjwa wa homa ya ini C, hasa wasio wa kundi la 3. Aliyerithi nakala mbili, moja kwa kila mzazi, yumo hatarini zaidi.

Dawa za kisasa za vidonge, zinazomezwa kwa wiki 8 au 12, huwaponya wagonjwa zaidi ya 95 katika kila 100. Hata hivyo, hazibadilishi vinasaba. Ndiyo maana vimeng'enya vya ini vinaweza kubaki juu baada ya kupona, na mgonjwa akaingiwa na hofu kwamba ugonjwa umerudi. Hapo kipimwe kirusi chenyewe kwenye damu, si kingamwili, kwa kuwa kingamwili hubaki kwa miaka mingi hata kwa aliyepona. Kirusi kisipoonekana, yatafutwe mafuta, sukari na pombe.

Kipimo cha PNPLA3 hakihitajiki ili kuanza tiba. Athari ya kinasaba hicho huongezeka kadiri uzito unavyoongezeka. Hivyo aliyekirithi hunufaika kwa kupunguza uzito. Mwenye ini lililokwisha kusinyaa, hata akiwa amepona, aendelee kupigwa picha ya ini kila miezi 6, kwa kuwa hatari ya saratani haijamwondokea.